Unakwenda kwa Nani?

Kusini mwa Tanzania huanzia Mbagala. Ramani inasema vingine, na wenye ofisi zao Posta watakuambia kusini ni Lindi na Mtwara, mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kutoka jijini. Lakini fika Rangi Tatu alfajiri, wapiga debe wakiitia Kibiti na Ikwiriri, uwasikilize abiria wanavyojuliana hali. Kuna Kindengereko pale, kuna Kimatumbi, Kimwera na Kimakonde. Sehemu kubwa ya Temeke imejazwa na watu waliopanda kuja mjini kwa barabara ya Kilwa, na wengi wao bado wana mguu mmoja kwao. Mchele unakuja kwa basi. Mgonjwa anakuja kwa basi. Maiti anarudi kwa basi.

Mimi ni mpangaji wa Charambe, nimezaliwa Temeke, na miaka yote hiyo barabara ya Kilwa nilikuwa naijua mpaka Vikindu tu. Nilipopata likizo, na akiba kidogo, niliamua kushuka nayo peke yangu, mto kwa mto, mpaka ule wa mwisho ambao ng'ambo yake ni Msumbiji. Mito yenyewe inaanzia nyumbani. Kizinga unapita Mtoni, Mzinga unapita Kongowe, yote miwili ikiishia kwenye mkono wa bahari ulio nyuma ya bandari. Baada yake kuna Rufiji, Matandu, Mbwemkuru, Lukuledi, kisha Ruvuma. Sikuwa na tiketi ya moja kwa moja wala orodha ya mahali pa kulala. Nilitaka kila mji unieleze mji unaofuata.

Mama mwenye nyumba wangu ni mzaliwa wa Mohoro, Rufiji. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, kisha akauliza swali moja.

"Unakwenda kwa nani?"

"Sina mtu, mama. Naangalia tu."

"Basi huna safari, mwanangu."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kanga kuukuu: doti ya kitenge, miche ya sabuni, na dawa za presha za kutosha mwezi. Nimpelekee mdogo wake. Namba ya simu ilikuwa haipatikani, nikifika niulize nyumba ya mama fulani, nyuma ya msikiti. Nilikipokea kama mtu anayekubali usumbufu kwa heshima ya mkubwa, nikaondoka.

Kosta ya Ikwiriri ilitoka Rangi Tatu ikiwa imejaa mpaka mlangoni. Tulivuka Mzinga pale Kongowe, na hapo ndipo jiji linapomalizikia kwenye karatasi. Kwa macho haliishi. Mwandege, Vikindu, Mkuranga, nyumba zinaendelea kujengwa na viwanda vinazidi kuota kando ya lami, ukuta baada ya ukuta. Mikorosho ndiyo inayokuambia kwamba umetoka. Inaanza mmojammoja uani mwa watu, halafu inakuwa mashamba.

Baada ya Bungu abiria aliyekaa pembeni yangu, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma, aliniuliza swali lile lile. Unakwenda kwa nani, binti? Nikamjibu kwa mama fulani, Mohoro, nampelekea dawa. Akatikisa kichwa, akaanza kunihadithia njia. Nimekaa na swali hilo tangu siku hiyo. Tunapopita kwenye barabara ile huwa tunasahau upesi yaliyoikuta. Mwaka 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa za hofu. Watu wasiojulikana waliua wenyeviti wa vijiji, watendaji, askari. Tarehe 13 Aprili mwaka huo polisi 8 waliuawa kwa mpigo mmoja, karibu na Jaribu Mpakani, mahali ambapo kosta yetu ilisimama ikashusha mama mwenye vifaranga. Familia zilizika, nyingine zilihama, na magofu ya hofu hayabomoki kwa mwaka mmoja. Mgeni asiye na mtu, anayesema anaangalia tu, katika vijiji hivyo ni mtu wa kutazamwa mara mbili, na wenyeji wana haki hiyo. Mama mwenye nyumba wangu alilijua hilo. Alichonifungia kwenye kanga kilikuwa jibu.

Ikwiriri nilishuka. Ni mji uliokaa juu kidogo, bonde la Rufiji likiwa chini yake, na stendi yake inanukia samaki. Kambale waliokaushwa kwa moshi wamekunjwa mkia mdomoni, perege wamekaangwa, na kina mama wananyanyua masinia yao hadi usawa wa dirisha la basi bila kumwaga hata kipande. Mabasi makubwa ya Mtwara yanasimama kwa muda wa kununua tu. Niliuliza gesti, nikaonyeshwa, nikaandika kwenye kitabu cha wageni jina, kabila, nitokako na niendako. Mhudumu, binti mdogo, alisoma nilichoandika, akaona Mohoro, akauliza kwa nani.

Asubuhi nilitembea kwa miguu juu ya Daraja la Mkapa. Urefu wake ni mita 970, na kwa basi ni jambo la dakika moja. Kwa miguu unauona mto kwa haki yake. Rufiji ulikuwa umeshuka, ilikuwa Julai, visiwa vya mchanga vimejitokeza katikati, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakwenda kwa kasi ambayo ukingoni huioni. Mtumbwi mmoja ulikuwa ukipandisha kwa pondo, mvuvi amesimama nyuma, akijibanza kando ambako maji yana huruma. Kijana wa bodaboda aliyenifuata polepole, kwa kuhofia nina shida, alinionyesha upande ambao viboko hupumzika. Siku hiyo hawakujitokeza.

Daraja lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake hapo palivukwa kwa pantoni, na wazee wa Ikwiriri bado wanaisimulia pantoni kama watu wanavyosimulia mkwe mgumu. Ukifika jioni, unalala ng'ambo hii. Maji yakijaa, unalala tena. Ukishavuka, kinakungoja kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za udongo mweusi ambao masika uliyameza mabasi hadi madirishani, abiria wakishuka kupika kando ya barabara. Lami ya kipande hicho ilikuja miaka mingi baada ya daraja. Mzee mmoja muuza kahawa alinieleza kwamba kwenye foleni ya pantoni ndipo alipompatia mkewe, abiria wa kwenda Nachingwea aliyekwama siku tatu. Sipendi kuitamani shida ya watu wengine. Kina mama walijifungulia kwenye foleni ile, na wagonjwa walifia hapo. Ila ni kweli pia kwamba abiria wa leo anavuka mto mkubwa kuliko yote nchini akiwa anatazama filamu kwenye kioo cha basi, na bonde zima, mpunga wake, watu wake, linabaki nyuma bila kuonwa na mtu.

Mohoro haiko kwenye barabara kuu. Baada ya daraja unateremka njia panda, unaingia kushoto, upande wa baharini, kwa bodaboda. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa mengi, na katikati yake yamesimama madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambamo mwenye shamba hulala msimu wa mavuno akilinda mpunga dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Dereva wangu aliniambia mamba ndio wanaomtia hofu kuliko nguruwe, maana nguruwe unamsikia.

Nyumba nyuma ya msikiti niliipata kwa kumuuliza mtu mmoja tu. Mdogo wake mama mwenye nyumba wangu ni bibi sasa, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akapokea kifurushi, akakinusa kabla ya kukifungua. "Hii kanga nilimpa mimi," akasema, na akaketi chini.

Nililala kwake. Si kwa sababu niliomba. Begi langu lilikwisha ingizwa ndani kabla sijamaliza kunywa maji. Ukutani mwa chumba, juu ya usawa wa kiuno changu, palikuwa na mstari wa tope uliokauka. Aprili 2024 mvua zilizidi, Rufiji ukafurika, na Mohoro ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizozama. Alinionyesha mahali mtumbwi ulipofungwa, kwenye mhimili wa baraza lake mwenyewe. Mpunga wote ulikwenda. Nilimuuliza, kwa sababu ndilo swali la mtu wa mjini, kwa nini hawahami. Hakukasirika. Alisema walishahamishwa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwatoa watu wa bondeni na kuwapeleka juu kwenye vijiji vilivyopimwa, miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu kwenda vijijini nchini. Yeye alikuwa msichana, alibeba kuku. Huko juu kulikuwa na shule na barabara, lakini hapakuwa na tope la mto, na tope ndilo linalootesha. Maji yakiondoka yanaacha unyevu ardhini, na mtu anapanda mahindi na kunde juu ya unyevu huo bila kungoja mvua. Kwa hiyo watu wakawa na nyumba juu na dungu chini, kisha dungu likawa nyumba. "Mto unatupiga," alisema, "na mto ndio unatulisha. Sasa wewe utahamia wapi?" Hivi sasa juu ya mto huo huo kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, umeme wake unafika hadi chumbani kwangu Charambe, na Mohoro wanaongea kila siku kuhusu maji: yatakuja lini, kiasi gani, na nani atawaambia mapema. Hilo la kuambiwa mapema ndilo walilolirudia kuliko yote. Nadhani ndilo dogo kuliko yote wanayostahili.

Jioni alinitembeza. Hapa Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala, na hapa, tarehe 4 Agosti 1905, walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwafunga pamoja watu wa makabila mengi dhidi ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza wiki chache tu nyuma, milima ya Matumbi, na vilisambaa kusini yote baada ya yeye kufa. Nilisoma habari hizo shuleni Temeke kama jibu la mtihani. Kuzisikia kwa bibi anayenyoosha kidole kuelekea mitaa ile, akisema watu wazima wa utotoni mwake hawakupenda kupita hapo usiku, ni jambo jingine kabisa. Mkoloni alidhani anamaliza neno kwa kamba. Mimi nilikuwa nimesimama pale, zaidi ya miaka 100 baadaye, nikilisikia.

Asubuhi nilipojiandaa kuondoka aliniuliza ninakwenda wapi. Nikasema Mtwara, kisha Kilambo, kwenye mlango wa Ruvuma. Akauliza kwa nani. Nilinyamaza. Akafunga kilo kadhaa za mchele kwenye mfuko wa salfeti, akaniambia Kilambo vyombo hungoja bahari ijae, nitakaa tu mchangani. Mwanawe wa mwisho yuko Masasi, fundi pikipiki, hajala mchele wa nyumbani tangu mafuriko. Hivyo ndivyo njia yangu ilivyobadilika.

Kutoka hapo nilikwenda haraka. Somanga, ambako barabara ilikatika Mei 2024 siku za kimbunga Hidaya na mabasi yakakwama pande zote mbili, mto Matandu, Nangurukuru, Mbwemkuru, Lindi usiku, joto kali na harufu ya bahari. Njia panda ya Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, kushoto ni Mtwara, kulia ni Masasi. Nikapanda gari la kulia. Masasi ni mji wa miamba mikubwa iliyochomoza kama migongo ya tembo, na katika wilaya hiyo ndiko Lupaso, alikozaliwa Benjamin Mkapa na alikozikwa Julai 2020. Niliona vyema kwamba mtu wa huku ndiye mwenye jina kwenye daraja la kule.

Fundi hakuwepo. Alikwisha hamia Mangaka, makao makuu ya Nanyumbu, tangu baada ya Idi. Mama yake alikuwa hajaambiwa. Waliokuwa jirani zake kijiweni walinipa namba yake mpya, wakanitafutia gari, wakakataa mchele nilipotaka kuwagawia kidogo. Wa mtu ni wa mtu, walisema.

Mangaka nilimkuta chini ya mwembe, mikono myeusi kwa oili. Aliutambua mfuko kabla hajanitambua mimi ni nani. Tulikula ule mchele mchana huo huo, kwa kisamvu cha nazi, yeye, mkewe na wanagenzi wake, na nilimsikia akimpigia mama yake simu kueleza habari za kuhama, kwa unyenyekevu wa kijana aliyechelewa. Nilipomwambia naendelea hadi mpakani, Mtambaswala, hakushangaa. Alinipa kabureta iliyozungushiwa gazeti. Mwenyewe ni bodaboda wa mpakani, anaisubiri.

Naandika haya kwa sababu ya kilichofuata. Ruvuma si mpaka wa kuchezea siku hizi. Tangu Oktoba 2017 ng'ambo, Cabo Delgado, kuna vita, na Oktoba 2020 wavamizi walivuka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma. Mwanamke peke yake, mwenye begi, anayesema ametoka Dar es Salaam kuangalia mto, atahojiwa, na ahojiwe. Afisa aliyenisimamisha alikagua kitambulisho changu cha NIDA pande zote mbili kabla ya kuuliza lile swali. Nikafungua gazeti. Akaitazama kabureta, akamtaja mwenyewe kwa jina, akasema pikipiki yake imelala tangu wiki iliyopita na watu wa zahanati wanamlalamikia. Akanielekeza nyumba. Kisha akaniambia niende nikaone daraja, nisipige picha, na nisivuke.

Daraja la Umoja lina urefu wa mita 720. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza; wazo lake ni la siku za Nyerere na Samora Machel. Chini yake Ruvuma umetanda, mchanga mwingi kuliko maji wakati huo wa mwaka, na ng'ambo ni Negomano, ambako mto Lugenda unaingia. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka karibu na hapo akikimbizwa na Waingereza, akaiteka ngome ya Wareno, na nyuma yake walivuka askari na wapagazi Waafrika, wanawake na watoto wao, ambao vita hiyo haikuwa yao. Miaka ya 1960 njia ikageuka: wakimbizi wakaja huku, wapiganaji wa FRELIMO wakaenda kule. Chama chenyewe kiliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu la kifurushi Februari 1969 katika nyumba moja ya Oysterbay, Kinondoni. Na ukienda Mwenge, Kinondoni hiyo hiyo, wachonga vinyago vya mpingo wengi ni Wamakonde, na ukiwauliza kwao ni wapi, baadhi watakutajia vijiji vya ng'ambo ya mto huu. Nilipokuwa nimesimama pale, mbali na nyumbani kuliko nilivyowahi kufika, kila nilichokitazama kilikuwa na anwani Dar es Salaam.

Kwenye kivuli cha ofisi ya ushuru mama mmoja mfanyabiashara alikuwa akipanga mizigo yake: sabuni, mafuta ya kula, kandambili kwa dazani. Huvuka mara kwa mara, akasema, kwa vibali vyote, na hulala Negomano kwa wanawake anaowajua. Vita imepunguza wateja, haikupunguza uhitaji wa sabuni. Aliniomba nimwangalizie mizigo akagonge muhuri. Nikaketi juu ya katoni la kandambili. Aliporudi aliuliza ninaelekea wapi sasa, nikasema sijaamua, akanitazama kwa huruma ya kweli. Ana dada yake Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, aliyefiwa na mume, na yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kwenda kumhani. Akatoa noti, akaikunja ndani ya leso, akanieleza nyumba: karibu na kisima, mlango wa bluu.

Gari la kurudi Masasi lilikuwa linaondoka saa nane. Konda alisema nikiwahi kabla ya jua kuzama, Noah za Newala bado zipo.